Fedha ya Wamiao: Vito Vilivyozaliwa na Mbao na Sarafu

Vito vya fedha vya Wamiao wa Guizhou, kusini-magharibi mwa China, ni miongoni mwa vito vizito kuliko vyote vinavyovaliwa na wanawake popote duniani. Siku ya sherehe, msichana wa bonde la mto Qingshui huvishwa na mama na shangazi zake kuanzia kichwani: pembe mbili kubwa za fedha, taji la maua na vipepeo vinavyotikisika, hereni, vidani kadhaa vilivyopandana shingoni, kufuli pana kifuani, vikuku vilivyojazana mikononi, na koti lililoshonewa vibati vya fedha vyenye nakshi, pindo lake likining'iniza njuga. Seti kamili huweza kupita kilo 10. Aliyevikwa hawezi kuinama ovyo wala kukimbia. Hutembea kwa hatua fupi, na njuga humtangulia kumtangaza kabla hajaonekana.

Eneo hilo halikuwa na machimbo ya fedha ya kutajika. Madini yenyewe yalitoka mbali, mengine ng'ambo ya bahari, yakapanda mto mikononi mwa wafanyabiashara wa mbao. Kilichotoka mlimani ni maumbo: kipepeo, ndege, samaki, nyati, maua ya mwituni, joka. Kwa sababu hiyo historia ya vito hivi ni ya biashara kwanza, kisha ya usonara, na anayeianzia kwenye nyundo na fuawe huikosa nusu yake.

Wamiao ni mojawapo ya makabila madogo yenye watu wengi zaidi nchini China. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu zaidi ya watu milioni 11, wengi wao wakiishi Guizhou, Hunan, Yunnan, Guangxi na Chongqing. Ndugu zao waitwao Hmong wanaishi Vietnam, Laos na Thailand. Hawakuwa na maandishi yaliyoenea mpaka karne ya 20, hivyo kumbukumbu zao zilihifadhiwa kwa nyimbo ndefu za masimulizi, kwa tarizi za nguo na kwa nakshi za fedha. Jina hilo moja la Miao linafunika makundi mengi yenye lahaja na mavazi tofauti, kiasi kwamba mabonde mawili jirani huweza kuwa na pembe za kichwani zisizofanana kabisa. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa kusini-mashariki mwa Guizhou, katika wilaya za Leishan na Taijiang, ambako ufundi huu ulifikia kilele chake.

Dalili za kale ni chache na zinahitaji tahadhari. Vitabu vya historia vya nasaba ya Tang vinaeleza kwamba mwaka 629 chifu mmoja wa milima ya mashariki ya Guizhou ya leo, Xie Yuanshen, alifika kwenye kasri la mfalme akiwa amevaa kofia ya ngozi ya dubu na paji la uso lake likiwa limezungushiwa dhahabu na fedha. Waandishi wengi wa leo huanzia hapo kuhesabu umri wa vito vya Wamiao. Lakini huyo alikuwa mwanamume, tena mtawala, na watu wake hawakuitwa Wamiao wakati huo. Ushahidi huo unaonyesha kwamba wakuu wa milima hiyo waliithamini fedha mapema. Hauonyeshi kwamba wanawake wa kawaida walikuwa nayo. Katika enzi ya Ming (1368–1644) picha inaanza kuwa wazi zaidi. Maandishi ya maofisa, yakiwemo ya Guo Zizhang aliyekuwa gavana wa Guizhou mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, yanataja hereni za madini ya thamani kwa wale waliokuwa na uwezo. Ni hereni tu, na ni za wenye nacho. Koti la fedha na pembe kubwa havikuwa vimefika bado.

Nyimbo za kale za Wamiao zina hesabu yao. Humo dhahabu na fedha ni viumbe vya mwanzo kabisa, vilisafirishwa kwa taabu kupitia mito na mabonde, vikafuliwa kuwa nguzo za kuishikilia mbingu, kisha vikasubiwa kuwa jua na mwezi. Mwanahistoria hawezi kuutilia tarehe wimbo kama huo. Hata hivyo inafaa kuangalia kwamba waimbaji waliufahamu vizuri mtambo wa sonara: wanajua moto, kalibu, nyundo, na tatizo la madini kupoa kabla ya wakati. Na wanajua kwamba fedha haikuwa ya hapo, ilibidi iletwe.

Ililetwaje? Jibu linaanzia mbali na milima. Katika karne ya 16 China ilikuwa inameza fedha ya dunia. Machimbo ya Japani yalikuwa yakizalisha kwa wingi. Mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, uligunduliwa kuwa na fedha mwaka 1545, na baada ya Wahispania kuufanya mji wa Manila kuwa makao yao mwaka 1571, jahazi zao zilivuka bahari ya Pasifiki zikiwa zimesheheni fedha ya Amerika ya Kusini na Meksiko ili kununua hariri na kauri za Kichina. Mwaka 1581 waziri mkuu Zhang Juzheng alieneza nchi nzima utaratibu wa kuunganisha kodi na kazi za lazima katika malipo mamoja ya fedha. Tangu hapo mkulima, mfanyabiashara na ofisa wote walihitaji madini hayo, nayo yakapenya mpaka mahali ambako miaka mia kabla yake watu walibadilishana chumvi kwa nguo.

Guizhou, iliyofanywa mkoa mwaka 1413, haikuwa na hariri wala kauri. Ilikuwa na misitu. Msonobari wa Kichina hukua wima na kwa haraka, haupasuki ovyo, hauliwi sana na wadudu, na hufaa kwa nguzo za nyumba, mashua na majeneza. Magogo ya bonde la Qingshui yalifungwa kuwa vyelezo na kuteremshwa hadi mto Yuan, kisha ziwa Dongting, kisha mto Yangtze, mpaka kwenye miji ya chini iliyokuwa ikijengwa kila siku. Serikali nayo ilikata huko mbao za kasri. Katika wilaya ya Jinping, bandari tatu za mto, Guazhi, Wangzhai na Maoping, zilipokezana zamu mwaka hadi mwaka: kijiji chenye zamu ndicho kilichowalaza wafanyabiashara wa kutoka chini, kikasimamia mapatano na wenye misitu, na kikachukua ada. Mfanyabiashara wa Kihan, yaani wa kabila kubwa la Wachina, hakupanda mlimani kununua mti kwa mwenyewe. Malipo yalifanyika bandarini, kwa fedha iliyopimwa kwenye mizani.

Tarakimu kamili za fedha iliyopanda mto hazikubaki, lakini karatasi zimebaki. Kwenye makabati ya familia za vijiji kama Wendou, kijiji cha Wamiao kilicho juu ya mto, zimehifadhiwa hati za kuuza misitu, kukodisha ardhi ya kupanda miti na kugawana mapato kati ya mwenye ardhi na mpandaji. Katika bonde zima hati hizo zinakadiriwa kupita 100,000, nyingi zikiwa za enzi ya Qing (1644–1912). Zinawaonyesha Wamiao tofauti kabisa na wale wa hadithi za wasafiri. Hawa ni watu waliopanda miche, wakaingoja miaka 20 au zaidi, wakapigana kesi kuhusu mipaka, na wakaandika kila senti. Husimuliwa pia desturi ya kupanda kipande cha msitu mtoto wa kike anapozaliwa, ili miti ikatwe anapofikia umri wa kuolewa, miaka 18 hivi. Mti uliuzwa ukawa fedha, na fedha ikaenda kwa sonara.

Kwa nini fedha hiyo isiwe ardhi, nyumba au mtaji wa biashara? Baadhi ilikuwa hivyo. Lakini kwa familia ya mlimani kito kilikuwa na faida ambazo shamba halikuwa nazo. Hakiozi na hakiungui chote nyumba ikiungua, na nyumba za huko ni za mbao. Hubebeka siku ya kukimbia, na siku za kukimbia zilikuwa nyingi. Tena kilimfuata binti kwa mumewe kikiwa chake, wakati ardhi ilibaki kwa ndugu zake wa kiume. Wazazi walianza kukusanya akiwa mchanga, kikuku mwaka huu, kidani baada ya mavuno mazuri, na jamii nzima ilijua nani ana nini kwa sababu kila kitu kilivaliwa hadharani. Ndipo vikazaliwa vipimo vya uzuri vinavyotajwa mpaka leo katika eneo hilo, yaani ukubwa, uzito na wingi. Wageni wa mjini huviona vipimo hivyo kuwa vya kishamba. Kwa kweli ni vipimo vya benki.

Dola ya Qing ilipoingia milimani kwa nguvu, mambo yakachanganyika. Kuanzia mwaka 1726, chini ya mfalme Yongzheng, ofisa mkuu Ortai aliendesha siasa ya kuwaondoa machifu wa kienyeji na kuweka maofisa wa serikali, na majeshi yaliyoongozwa na Zhang Guangsi yaliyateka maeneo ya Wamiao waliokuwa hawajawahi kutawaliwa moja kwa moja. Uasi uliofuata mwaka 1735 ulizimwa kwa ukatili mkubwa. Papo hapo mto uliondolewa vizuizi, njia ya magogo ikarefuka kuelekea juu, na fedha ikazidi kupanda. Ni katika karne hiyo ya 18 ambapo wachoraji walianza kutengeneza vitabu vya picha vya kuwaeleza maofisa makabila ya Guizhou, kila kundi na ukurasa wake. Wanawake wengi kwenye kurasa hizo wana hereni kubwa na vidani. Picha hizo zina chumvi nyingi na dharau kidogo, ila kwa upande wa vito ni ushahidi wa kufaa.

Ubaya wa akiba inayovaliwa ni kwamba mtoza kodi naye huiona. Katika karne ya 19 kodi za nyongeza na ulafi wa maofisa viliwalemea Wamiao kiasi kwamba maelezo ya maofisa wenyewe wa wakati huo yanakiri jambo la kutisha: watu waliokwisha kuuza kila walichokuwa nacho walifukua makaburi ya wazee wao ili kutoa vito vya fedha walivyozikwa navyo, wakalipe kodi. Kwa jamii inayowaheshimu wafu kama hiyo, hakuna fedheha inayoizidi hiyo. Uasi ulioongozwa na Zhang Xiumei, mtu wa Taijiang, ulilipuka mwaka 1854 na haukuzimwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kiongozi huyo aliuawa Changsha mwaka 1872. Vijiji vizima viliteketea na biashara ya mbao ilikatika kwa miaka. Mengi katika yale yanayoitwa vito vya kale leo yalitengenezwa baada ya maangamizi hayo.

Masonara walikuwa nani? Kazi hii ilikuwa ya wanaume, na ilirithiwa ndani ya ukoo. Juu ya milima ya Leishan viko vijiji vitatu vilivyojulikana kwa usonara kuliko vyote: Kongbai, Maliao na Wugao. Ardhi yao ni finyu na yenye mteremko, na mpunga wa matuta haukutosha kuwalisha watu mwaka mzima. Mavuno yakishaingizwa ghalani, mafundi walifunga vyombo vyao kwenye mzegazega wa begani, upande mmoja mivukuto na upande wa pili nyundo, koleo na kalibu, wakaondoka kwa miguu. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na vijiji vyake vya wateja ndani ya Guizhou na hata Guangxi na Hunan, na haikuwa adabu kuingilia njia ya mwenzake. Fundi alikaa katika nyumba ya mteja, akala chakula cha mteja, akafanya kazi mbele ya macho ya mteja kwa fedha ya mteja mwenyewe. Utaratibu huo ulizuia wizi. Pia ulimlazimisha sonara kujua mitindo ya makabila mengi, kwani mwanamke wa bonde fulani hakukubali pembe za bonde jingine hata ziwe nzuri vipi. Majirani zao Wadong walivalishwa na mafundi haohao.

Taijiang ilikuwa na desturi nyingine. Masonara wa mji mdogo wa Shidong na vijiji vinavyouzunguka, kama Tanglong, walikaa mahali pamoja kando ya mto, kwa kuwa wateja na fedha vilikuwa mlangoni. Pengine ndiyo sababu kazi ya Shidong ni nyembamba na yenye mambo mengi kuliko ya milimani. Fundi asiyebeba karakana begani huweza kumiliki kalibu nyingi na kulea wanafunzi.

Vyombo vyenyewe ni vichache. Fedha huwekwa kwenye chungu kidogo cha udongo, hufunikwa kwa makaa, na mivukuto husukumwa mpaka madini yayeyuke, kwenye nyuzi joto 962 hivi. Humiminwa kwenye mfereji wa kalibu ikawa mche mfupi, kisha hugongwa kwenye fuawe. Kadiri inavyogongwa ndivyo inavyokuwa ngumu, na ikiendelea kugongwa hupasuka. Basi kila baada ya muda hurudishwa motoni, huachwa iwe nyekundu kidogo, hupozwa, na kugongwa tena. Mwanafunzi hutumia miaka yake ya kwanza kujifunza rangi hiyo moja ya moto. Mche unaotakiwa kuwa bati hugongwa kwa upana. Unaotakiwa kuwa uzi huchongwa ncha, hupitishwa kwenye tundu la bamba la chuma gumu, na kuvutwa kwa koleo upande wa pili. Bamba hilo lina matundu mengi yanayopungua ukubwa hatua kwa hatua, na uzi hupitia moja baada ya jingine mpaka ukaribiane na unywele.

Chukua utepe wa kichwa wa Shidong, ambao mbele una safu ya wapanda farasi wadogo wa fedha. Bati jembamba hulazwa juu ya kalibu ya shaba yenye sura ya farasi, na kugandamizwa kwa kipande cha risasi au bati laini kilichosubiwa kulingana na kalibu hiyo. Farasi hutokea, lakini akiwa na sura isiyo wazi. Ndipo huwekwa juu ya ubao uliopakwa utomvu mgumu wa msonobari, ambao humshika asiteleze na hubonyea kidogo chini ya patasi. Kwa patasi ndogo zenye ncha tofauti fundi humchora macho, manyoya ya shingo, hatamu na vidole vya mpanda farasi, kila mstari ukiwa ni mapigo mengi mepesi. Utomvu hupashwa moto ili amwachie. Nyuma yake hulehemiwa uzi uliozungushwa kama springi, kisha huungwa kwenye utepe, ndiyo maana farasi hucheza mvaaji anapotembea. Kulehemu ndiko kunakotenganisha fundi na mwanagenzi. Unga wa lehemu, ambayo ni fedha iliyochanganywa na shaba ili iyeyuke mapema, hunyunyizwa pamoja na chumvi ya boraksi kwenye kiungo. Sonara huinamia taa ya mafuta, huweka mrija wa shaba mdomoni, na kuusukuma ulimi wa moto juu ya kiungo hicho huku mashavu yamejaa na akivuta pumzi kwa pua ili moto usikatike. Lehemu hutiririka mara moja. Akichelewa kuondoa moto, na farasi naye huyeyuka. Mwishowe kito huchemshwa kwenye maji ya shabu ili kuondoa weusi, husuguliwa kwa brashi ya nyaya za shaba, na kung'aa kweupe.

Maumbo yanayotokana na kazi hiyo yana asili yake kwenye nyimbo zilezile za kale. Kipepeo huonekana kila mahali, kwenye taji, kwenye vibati vya koti na kwenye minyororo ya kufuli, kwa kuwa katika masimulizi ya Wamiao wa eneo hili yeye ndiye mama wa wote. Alitoka ndani ya mti mkubwa wa msituni uliokatwa, akapendana na povu la maji, akataga mayai 12. Ndege mmoja aliyaatamia miaka mingi, na humo akatoka Jiang Yang, mtu wa kwanza, pamoja na ndugu zake: joka, nyati, chui mkubwa wa milia, tembo, nyoka na radi. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa fedha amevaa ukoo mzima, na wanyama wote hao ni jamaa. Hapo ndipo joka la Wamiao linapoachana na joka la kifalme la Kihan. Halina ukali, mara nyingi lina pembe za nyati, na huweza kuwa na mwili wa samaki au wa kiwavi bila mtu kushangaa. Samaki, kwa wingi wa mayai yake, ni dua ya watoto. Ndege huwekwa juu kabisa ya taji, wakining'iniza maua na mbegu midomoni.

Pembe ni za nyati, mnyama anayelima mashamba ya mpunga na anayechinjwa kwa ajili ya wazee katika sherehe kubwa ya mababu inayofanyika kila mzunguko wa takriban miaka 12. Za Xijiang, huko Leishan, ni pana na wazi, karibu sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha, na juu yake huchongwa majoka mawili yakigombea lulu. Ncha zake hufungwa manyoya meupe ya kuku yanayopeperuka. Za Shidong husimama wima zaidi, na katikati yake hupangwa vipande bapa vilivyofunguka kama upepeo. Picha hiyo ya majoka na lulu imetoka kwa Wahan, kama yalivyotoka kwao makufuli ya kifuani ambayo Wahan huwafungia watoto ili roho isitoroke. Baadhi ya makufuli ya Kimiao yana hata herufi za Kichina za kuombea maisha marefu na bahati, zilizochongwa na mafundi ambao pengine hawakuweza kuzisoma. Wanaotafuta usafi wa utamaduni hawatapenda jambo hilo, lakini masonara walichukua kilichopendeza na kukizungushia vipepeo vyao.

Mwishoni mwa enzi ya Qing na katika Jamhuri iliyoanzishwa mwaka 1912, chanzo kikuu cha madini kilikuwa sarafu. Vinoo vya fedha vya zamani viliipisha dola ya Meksiko, kisha sarafu ya mwaka 1914 yenye sura ya rais Yuan Shikai, yenye uzito wa gramu 26 na ushei, karibu sehemu tisa kati ya kumi zikiwa fedha. Wasomaji wa Zanzibar na Oman hawatastaajabu, kwani masonara wa huko nao waliyeyusha riale za Maria Theresa kutengeneza vikuku na hirizi. Guizhou yenyewe ilitoa mwaka 1928 sarafu ya ajabu yenye picha ya motokaa, kuadhimisha barabara ya kwanza ya mkoa chini ya gavana Zhou Xicheng. Rangi na ugumu wa kito vilitegemea sarafu zilizopatikana sokoni bondeni humo, na fundi mzoefu aliweza kubashiri kwa kuonja nyundo tu. Serikali ilipoiacha fedha na kuingia kwenye noti mwezi Novemba 1935, ikawataka wananchi wasalimishe sarafu, Wamiao wengi walikuwa tayari wamezivaa.

Baada ya mwaka 1949 ufundi ulipita kwenye tundu jembamba. Wilaya za eneo hili ziliunganishwa mwaka 1956 kuwa jimbo la kujitawala la Wamiao na Wadong, makao yake Kaili, lakini kilimo cha ujamaa kiliwafunga mafundi kijijini na safari za majira ya baridi zikakoma. Katika Mapinduzi ya Kitamaduni (1966–1976) kuvaa fedha kulihesabiwa kuwa ushirikina na ukabaila. Vito vilifichwa ndani ya kuta, vilifukiwa ardhini, viliuzwa kwa benki ya serikali kwa bei ya chini, au vilichukuliwa. Sherehe zilipofufuka katika miaka ya 1980 familia nyingi zilianza upya. Vijana walikwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya pwani, hasa Guangdong, na mishahara yao ikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mbao. Serikali ilipofungua biashara huru ya fedha mwaka 2000, madini yakapatikana kwa urahisi, na seti za wasichana zikawa kubwa kuliko za bibi zao. Mavazi yanayopigwa picha leo kama urithi wa kale yana, kwa sehemu kubwa, umri wa miaka 30 au 40.

Mwaka 2006 ufuaji wa fedha wa Wamiao uliingizwa kwenye orodha ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika, kwa majina ya Leishan na ya Fenghuang, mkoani Hunan. Orodha hiyohiyo ilipokea Sherehe ya Akina Dada ya Taijiang, ambayo huanza tarehe 15 ya mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi, wasichana wakicheza kwa ngoma wakiwa na fedha yote ya ukoo mwilini. Mafundi kama Yang Guangbin wa Kongbai na Wu Shuigen wa Tanglong walitambuliwa kitaifa kuwa warithi wa ufundi huo na wajibu wa kufundisha. Mwaka 2008 mkutano wa utalii wa mkoa ulifanyika Xijiang, na kijiji hicho chenye kaya zaidi ya elfu moja kikageuka kivutio cha watalii wengi mno. Treni ya mwendo kasi ilifika Kaili mwaka 2015. Masonara wakafuata soko: wengi waliihama Kongbai na kufungua maduka Xijiang na Kaili, na mlimani zikabaki nyumba zilizofungwa.

Soko hilo lina pande mbili. Pembe nyingi zinazokodishwa kwa watalii, na hata zile zinazovaliwa na wachezaji wa jukwaani, ni za shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba na nikeli usio na chembe ya fedha, zilizogandamizwa kwa mashine. Ni nyepesi, ni rahisi, na kwa mbali hazitofautiki. Upande wa pili kuna mafundi wanaouza vitu vidogo vya kuvaliwa kila siku mijini, kama vile hereni ya kipepeo, kipini cha nywele chenye ua la mkono, kikuku cha nyuzi zilizosukwa, vyote vikiwa na uzito wa gramu chache. Wanawake nao wameingia kwenye karakana, jambo ambalo miaka 50 iliyopita lingeleta ugomvi. Nje ya China, Wahmong waliokimbia Laos baada ya mwaka 1975 na kufika Ufaransa na Marekani, hasa Minnesota na California, wameendelea kuvaa vidani vizito kila mwaka mpya wao, ingawa vingi sasa ni vya madini mepesi na sarafu zilizoshonwa kwenye mikanda ni za kuigiza.

Katika vijiji vya mto Qingshui, bei ya kito halisi bado huhesabiwa kwa namna ya zamani: fedha kwa uzito wake, na kazi ya mkono kando. Mama akitaka kumpamba binti yake kwa mtindo mpya, huleta vito vyake mwenyewe, hupimwa, huvunjwa na kuyeyushwa, na upungufu hujazwa. Desturi hiyo inawasumbua sana watu wa makumbusho. Madini huweza kuwa ya karne nne zilizopita wakati umbo ni la mwaka jana, na mafundi hawakuwa na mazoea ya kutia alama ya jina wala mwaka. Kwa hiyo vipande vingi vilivyomo kwenye makumbusho, ndani na nje ya China, hupewa tarehe pana tu, mwishoni mwa Qing au karne ya 20, kwa kulinganisha nakshi, picha za zamani na kumbukumbu za familia zilizoviuza.